Mafuta yanayogoma kupita: sumaku ndani ya shokapu

ZUHURA: Haya karibuni tena, leo tuko na ile klipu kaka Baraka alonitumia usiku wa manane, mafuta meusi yanasogezewa sumaku yanaota miiba kama nungunungu. Ndo hayo wanaweka kwenye shokapu za magari?

BARAKA: Hapana dada, hapo ndo watu wengi wanachanganya. Ya miiba ni ferofluidi, Steve Papell wa NASA aliitengeneza 1963, alikuwa anataka mafuta ya roketi yavutwe na sumaku kule kusiko na uzito. Chembe zake zina kama nanomita 10 tu, nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni, yaani hata ikiota miiba bado ni majimaji.

ZUHURA: Na ya shokapu?

BARAKA: Hiyo chembe zake ni chuma chenyewe, mikromita kadhaa, yaani elfu kadhaa za milimita, kubwa mara mia kadhaa kuliko zile za ferofluidi. Sumaku ya umeme ikiwaka zinashikana zinapanga minyororo inayokatiza njia, mafuta yakitaka kupita lazima yaivunje kwanza, na ikivunjika inajiunga tena palepale. Ukizima yanarudi kuwa mepesi. Jacob Rabinow wa Marekani ndo alianza nayo mwishoni mwa miaka ya 1940, yeye aliiweka kwenye klachi.

ZUHURA: Kwa hiyo gari ikipiga tuta umeme unaisukuma bodi juu?

BARAKA: Hausukumi chochote! Hiyo ndo raha yake mimi naipendea hapo. Koili, ule waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita, iko kwenye pistoni, mafuta yanapita kwenye upenyo mwembamba, umeme kazi yake kuamua tu yapite kwa shida au kwa urahisi, na nguvu ya mtetemo inaishia kuwa joto. Ndo maana inakula umeme kidogo, na umeme ukikata unabaki na shokapu laini ya kawaida. Inabadilika kwa milisekunde, sasa piga hesabu, gari iko spidi 100, milisekunde 10 imeenda sentimita 28 tu.

ZUHURA: Eeh! Tuta lenyewe hujalimaliza.

BARAKA: Hujalimaliza. Gari ya Cadillac Seville STS ilitoka nazo 2002, halafu mwaka huohuo Wachina wakazifunga daraja la Dongting, lile la nyaya. Pale mvua ikinyesha na upepo upo, maji yanatengeneza kijito juu ya waya, umbo la waya mbele ya upepo linabadilika, waya unaanza kucheza peke yake. Wakafunga shokapu mbili kila waya, karibu na pale unaposhikwa chini.

ZUHURA: Na ubaya wake? Maana sifa zimezidi.

BARAKA: Chuma ni kizito, kinatuama chini gari ikikaa sana, tena kinasugua sili, zile mpira zinazozuia mafuta yasivuje. Ikianza kuvuja huiongezei mafuta, unanunua shokapu nzima.

ZUHURA: Bei?

BARAKA: We acha tu, fungua gereji yoyote mtandaoni uone, mi yangu zitaendelea kugonga hivyohivyo.