Siku Moja Fernandina

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie safari ya meli katika visiwa vya Galápagos, huko Ekuador, lakini sitawazungusha visiwa vyote. Nitabaki na siku moja tu, ile tuliyoshuka Fernandina, kisiwa cha volkano kilicho magharibi na kichanga kuliko ndugu zake wakubwa. Volkano yake, La Cumbre, ililipuka tena Machi 2024.

Kabla ya kupanda boti ya mpira tulisafisha soli za viatu, kila mtu na vyake. Fernandina haijaingiliwa na panya, paka wala mbuzi, na mbegu moja iliyonasa kwenye soli inatosha kuleta balaa. Nilizisugua zangu mara mbili.

Tukashuka Punta Espinoza, kwenye lava nyeusi iliyoganda mithili ya kamba zilizosokotwa. Iguana wa baharini, mijusi wakubwa, niliwasikia kabla sijawaona. Tsi! Tsi! Wanapiga chafya. Mmoja alikuwa karibu na njia, na kiongozi wetu akatusimamisha, maana sheria ya hifadhi ni mita 2. Iguana yule akatoa puani michirizi miwili ya maji ya chumvi, mingine ikamrudia kichwani, ikakauka ikawa ukoko mweupe. Hula mwani chini ya bahari, na chumvi anayomeza huchujwa na tezi za kichwani, kisha hutoka kwa chafya ile.

Mtu akiwaona wamelaliana juani atadhani ni wavivu. Sivyo hata kidogo. Wametoka kwenye maji baridi, miili imepoa, na bila joto la jua chakula hakisagiki tumboni.

Hayo maji baridi ndiyo ninayotaka myakumbuke. Chini ya uso wa bahari kuna mkondo wa Cromwell, unaotoka magharibi kufuata ikweta. Ukigonga mizizi ya visiwa hivi hupanda juu na rutuba yake, mwani ukastawi, samaki wakajaa. Ndiyo maana pengwini wanaishi pale, kwenye ikweta. Lakini El Niño ikija, bahari hupata joto na mwani hufa. Mwaka 1982 hadi 1983 iguana na pengwini walikufa kwa wingi. Iguana wanaonusurika njaa ya namna hiyo wanaweza kupungua urefu hadi asilimia 20, na mifupa nayo hufupika. Niliposikia hilo nilinyamaza kabisa.

Simba bahari na kaa wekundu nawaacha, picha zao mmeziona. Wa kumzungumzia ni mnandi asiyeruka, ndege wa baharini anayepatikana Fernandina na kisiwa jirani cha Isabela tu, dunia nzima. Tulimwona dume akitoka majini na fungu la mwani mdomoni, akipanda mwamba kwa kuyumba, hadi kwa jike aliyekuwa amelalia mayai. Akamkabidhi. Jike akaupokea, akauchomeka ukingoni mwa kiota, akaugeuza, akauchomeka tena.

Kisha dume akatandaza mabawa yakauke. Mabovu, yamechanika-chanika, yamebaki kama theluthi ya yale ambayo yangeweza kumwinua. Bahari ikipata joto, ndege wengine wataruka wakatafute kwingine. Yeye alikaa palepale juani, macho yake ya buluu yakitazama maji, na baada ya muda akakunja mabawa, akateremka kuleta fungu jingine.