Rekodi Hadithi ya Kima na Papa kwa Ajili ya LibriVox: Kutoka Kwenye Maandishi Hadi Faili

Habari zenu, karibuni. Leo tunachukua hadithi moja ya Kiswahili, tunairekodi mwanzo hadi mwisho, kisha tunaipeleka LibriVox, tovuti ya vitabu vya kusikiliza, ili mtu yeyote aisikilize bure. Unahitaji kompyuta, maiki ya kuchomeka USB (ya bei nafuu inatosha), na spika za masikioni. Sauti ya mtangazaji wa redio si lazima.

Kwa ambao hawaifahamu: LibriVox ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Wanaosoma wote wanajitolea, na hakuna mchujo wa sauti wala wa lafudhi. Wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, na rekodi nayo inaachwa bila hakimiliki. Hilo lielewe kabla hujagusa maiki. Mtu anaweza kuichukua sauti yako, akaiuza, na asikudai ruhusa wala kukupa senti. Kama litakuja kukukera, bora uishie hapa.

Twende kwenye maandishi, maana wengi hukwama hapa. Kila ninapotaja jambo hili naulizwa, "Je, Shaaban Robert?" Alifariki mwaka 1962, lakini LibriVox inafuata sheria ya Marekani, na kule kitabu cha zamani huhesabiwa miaka 95 tangu kilipochapishwa. Vitabu vyake bado havijafika huko. Na wewe uliyeko Tanzania au Kenya, sheria ya nchi yako nayo inakuhusu, kwa hiyo kitabu kiwe huru pande zote mbili.

Basi turudi nyuma zaidi. Hapa kwenye skrini ni Swahili Tales ya Edward Steere, iliyochapishwa London mwaka 1870. Steere alikuwa mmisionari Unguja, baadaye akawa askofu, naye alifariki mwaka 1882. Hadithi zenyewe si zake. Alizipata vinywani mwa watu wa Zanzibar. Kiswahili kiko ukurasa mmoja na Kiingereza kinakitazama. Nakala ya picha ipo Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Fungua ukurasa wa jina la kitabu, hakikisha mwaka unaonekana, kisha nakili anwani ya ukurasa huo. Utadaiwa anwani hiyo baadaye.

Onyo dogo: usisome kwenye yale maandishi yaliyotolewa na mashine. Mashine haikujua Kiswahili, na herufi zimevurugika. Soma kwenye picha ya ukurasa wenyewe, ukuze mpaka macho yasihangaike.

Tunachagua ile ya kima na papa, ambayo ndani yake kima anamsimulia papa kisa cha punda wa dobi. Nadhani wengi mmeisikia kwa bibi: kima yuko juu ya mkuyu, anamrushia papa matunda, urafiki unakolea, mpaka siku papa anamtaka waende kwao. Ni fupi, ina mazungumzo, inamfaa anayeanza.

Sasa fungua akaunti kwenye jukwaa la LibriVox, ufanye jaribio la dakika moja. Unasoma kipande kifupi unachopewa, unakipakia, na mtu anakisikiliza. Hapimi uzuri wa sauti yako. Anaangalia kama maiki inavuma, kama sauti iko chini mno, kama faili imewekwa sawa. Usiruke hatua hii ukaja kurekodi saa nzima yenye mvumo.

Chumba. Hapa ndipo kazi ilipo kwa sisi tunaokaa mjini. Zima feni. Zima friji kama iko karibu, ila weka ufunguo wa nyumba ndani yake ili usisahau kuiwasha. Simu iweke mbali, si kuizima mlio tu. Paa la mabati likipigwa na mvua, ahirisha. Usiku wa manane ni mzuri hadi majogoo yaanze; mimi napenda kati ya saa nne na saa sita usiku, bodaboda zikishapungua. Kama ukuta wako ni mtupu na sauti inarudi, fungua kabati la nguo, elekea ndani yake, soma humo humo. Au jifunike blanketi kichwani pamoja na maiki. Utatoka jasho, lakini sikiliza tofauti: hii ni chumba kitupu… na hii ni chini ya blanketi.

Programu tunayotumia ni Audacity, haina malipo. Kwenye mipangilio ya sauti chagua chaneli moja, yaani mono, na uweke 44100 Hz. Bonyeza kitufe chekundu, useme sentensi mbili kwa sauti utakayosomea, utazame mawimbi. Yakigonga ukingo wa juu na wa chini, punguza. Yakiwa kama uzi, ongeza.

Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, na usielekee moja kwa moja. Isogeze kidogo pembeni ili pumzi ipite kando. Katika hadithi hii utaliona mapema, kwa sababu neno papa lina p mbili, na limejaa kila ukurasa. Sikiliza nikisema nikiwa nimeielekea maiki: papa. Ule mshindo mzito hauondoki kirahisi kwenye kuhariri. Sasa pembeni: papa. Kunywa maji kabla ya kuanza, chai ya maziwa iache hadi umalize, inaacha utando mdomoni na ulimi unaanza kulia.

Bonyeza rekodi. Nyamaza sekunde tano, usipumue kwa nguvu. Ukimya huu ni wa chumba chako, tutauhitaji. Kisha unasoma tangazo la LibriVox: kwamba hii ni rekodi yao, kwamba rekodi zao zote hazina hakimiliki, na tovuti ya kupata maelezo. Maneno halisi ya tangazo kwa Kiswahili mwombe mratibu, yaani mtu wa LibriVox anayesimamia mkusanyo, usijitungie. Halafu jina la hadithi, kitabu, aliyekusanya. Na jina lako ukipenda; wengine hawalitaji.

Sasa jambo ambalo Mswahili hujikwaa. Ukianza hadithi, ulimi unataka kusema "Paukwa!" Usiseme, kama halimo kwenye ukurasa. LibriVox wanataka kilichoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kiswahili cha 1870 kina maneno na tahajia ambazo leo tungeandika vingine, usimsahihishe Steere. Tafuta matamshi kabla hujarekodi, muulize mtu mzima wa Unguja ukimpata, kisha soma kama mtu anayejua anachosema.

Vipi kuhusu sauti za wahusika? Hapa nina maoni yangu. Wengi wanampa papa sauti nene ya kutisha tangu mwanzo, na hadithi inakufa, kwa kuwa papa anazungumza kirafiki, na msikilizaji hatakiwi kuhisi hatari mapema. Soma papa kwa upole. Pale anapofichua katikati ya maji kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa ni moyo wa kima, usipandishe sauti. Punguza mwendo tu. Naye kima akijibu kwamba wao mioyo huiacha mitini, mpe kituo kifupi kabla ya jibu. Anafikiri, bwana, maisha yake yako hatarini!

Ukikosea, usisimamishe rekodi. Piga makofi mara moja, nyamaza kidogo, rudi mwanzo wa sentensi uisome upya. Tazama hapa: kofi limeacha mwiba mrefu kwenye mawimbi. Wakati wa kuhariri unatafuta miiba tu, unafuta kuanzia sentensi iliyoharibika hadi kwenye kofi. Ukimaliza hadithi, sema kwamba ndiyo mwisho wake, kisha nyamaza tena.

Kuhariri ni haraka kuliko mnavyodhani. Futa makosa. Chagua ule ukimya wa mwanzoni, nenda kwenye kupunguza kelele, uifundishe programu kelele ya chumba chako, kisha chagua rekodi yote uitumie. Kidogo tu! Ukizidisha, sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya pipa. Mwanzoni bakiza nusu sekunde hadi sekunde moja ya ukimya, mwishoni sekunde tano.

Hifadhi kama MP3, 128 kbps, mono. Jina la faili liwe la herufi ndogo, bila nafasi, kwa mpangilio atakaokupa mratibu. Kisha ipitishe kwenye programu yao ya ukaguzi iitwayo Checker; kiwango cha sauti kiwe karibu na desibeli 89. Kikiwa chini, rudi Audacity uongeze.

Wapi pa kuipeleka? Hadithi moja haihitaji uanzishe kitabu kizima. LibriVox wana mikusanyo ya kazi fupi za lugha mbalimbali, na ndipo mahali pepesi pa kuanzia. Unapakia faili, unabandika ile anwani ya Internet Archive tuliyonakili, unasubiri. Msikilizaji wa kukagua atapitia yote akitafuta sentensi iliyojirudia, ukimya mrefu, mlango uliogongwa. Kama unamjua mtu wa kujitolea anayejua Kiswahili, mlete, wanahitajika. Mkaguzi akikuandikia kwamba dakika fulani kuna kasoro, rekodi sentensi ile tu, kwa maiki ile ile, chumba kile kile na saa ile ile ya usiku, uipachike, upakie upya.

Faili zako, pamoja na ile ghafi yenye makofi, usizifute mpaka uone hadithi imeingia kwenye katalogi.