Chungulia birika kwanza, ndo uende kununua samaki

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Nimeombwa niongelee samaki wa kufuga kwenye tenki la kioo nyumbani, gani wanakaa pamoja na mimea gani inawafaa, na najua wengi mmekuja na kalamu mkisubiri nitaje majina. Ntayataja. Ila naanza na birika la chai. Ukirudi nyumbani leo fungua mfuniko uchungulie ndani, ukikuta ukoko mweupe umeganda chini, ule wa kukwangua na kijiko, basi maji yako ni magumu, yana chokaa, na hapo ushawafuta samaki kibao kwenye listi yako bila kutoa hata mia.

Mi sikuchungulia. Nilinunua neon tetra 15, wale wadogo wenye mstari wa bluu unaowaka, muuzaji akaniambia hao hawana shida kaka, we weka tu. Nikaweka kwenye maji ya kisima, na visima vya hapa Dar mnavijua, sabuni haitoi povu mpaka mgombane. Wiki ya pili nimebaki na watatu. Wale kwao ni Amazon, maji laini yenye asidi kidogo, sehemu nyingine yana rangi ya chai kabisa kwa majani yanayooza mtoni. Mimi nikawaletea chokaa.

Sasa mwenye maji magumu analia nini wakati Ziwa Tanganyika liko hapo Kigoma? Maji yake pH, yaani kipimo cha asidi, chini ya 7 kuna asidi na juu yake hamna, inacheza kati ya 8.5 na 9, na lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, jamii ya samaki ya kina sato, karibu wote huwapati ziwa lingine lolote duniani. Wenzetu Ulaya wananunua madini ya kuchanganya kwenye maji ili yafanane na ya Kigoma! Ila pima pH usikisie, ugumu na pH si kitu kimoja, na kama maji yako ukiyaonja ni chumvi kabisa hiyo habari nyingine, hapo labda moli, samaki mdogo wa madukani, ndo atavumilia.

Tenki langu lina urefu wa sentimita 120, lita kama 240 hivi. Nimeligawa kama nyumba ya kupanga, wapangaji wote sikilidi wa Tanganyika. Chini kwenye mchanga wanakaa Neolamprologus multifasciatus, mi namwita multi, dume lenyewe kwa kawaida halifiki sentimita 5, wanaishi ndani ya magamba ya konokono na kuzalia humohumo. Upande wa kulia nimepanga mawe, hapo pana Julidochromis wawili, mke na mume, hawana habari na mchanga. Juu ndo wanapita Cyprichromis kumi, hao wanapenda nafasi ya kuogelea na wanaruka balaa, kwa hiyo tenki lisikose mfuniko. Kila mmoja ana eneo lake, ndo maana hawagombani sana. Watu wanauliza samaki gani ni wapole, mi nauliza huyu analala wapi.

Kuna Jumapili nilikaa na kikombe changu namwangalia multi mmoja jike. Anaingiza mdomo mchangani, anajaza, anabeba, anaenda kutema pembeni, anarudi. Hivyo hivyo mpaka gamba likazama lote, umebaki mlango tu juu ya mchanga. Nikasogea nione vizuri, kivuli changu kikampitia, akatumbukia ndani kama mtu aliyemuona mdai wake.

Sasa we panda mmea wenye mizizi karibu na huyo. Asubuhi utaukuta unaelea. Ndo maana nasema mmea unauchagua baada ya kumjua samaki, wengi tunafanya kinyume, tunaona picha ya bustani nzuri ya maji tunataka ileile. Kwangu Anubias nimeifunga na uzi juu ya jiwe, mmea wa Afrika Magharibi huo, jani gumu, mwanga kidogo unamtosha, ila lile shina lake nene linalolala usilizike mchangani, litaoza. Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, inaota ndani ya Tanganyika kwenyewe, maji magumu ndo nyumbani kwake, hiyo iko kona ya mbali na magamba na nimeizungushia mawe kwenye shina. Basi. Mimea ya kubembelezwa na gesi ya kaboni dioksidi na maji laini nimewaachia wenye nayo.

Wa kutowaingiza humo, ingawa nao ni sikilidi wa Tanganyika: frontosa, hata ukimkuta kadogo dukani, anapita sentimita 30 na giza likiingia wadogo wote ni chakula. Tropheus naye ni mla mwani, ukimlisha minyoo wekundu kama wenzake tumbo linaweza kumvimba akafa. Na brichardi, mzuri wa kutisha na ile mikia, nilileta wanne, wawili wakaoana, wale wengine nikawakuta wamebanwa kona ya juu nyuma ya filta, kile chombo cha kusafisha maji, mapezi yamechanika. Wakizaa ndo kabisa, watoto wakubwa wanawalinda wadogo zao, ukoo mzima unakuwa jeshi.

Halafu usijaze wote siku moja. Bakteria wa kwenye filta wanataka wiki 4 mpaka 6 ndo wamudu uchafu, na kwenye pH ya juu hivi amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki, inakuwa sumu kali zaidi, kwa hiyo mwenye maji ya Kigoma aogope mara mbili. Omba sponji chafu ya filta kwa rafiki mwenye tenki la zamani lisilo na ugonjwa, uibane kwenye yako.

Dada pale ameuliza kuhusu gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Gapi na moli kwenye maji magumu ni raha tupu, watupie na ule mmea wa kuelea usio na mizizi, Ceratophyllum, vitoto vinajificha humo. Usiweke na anjelfishi, atawameza, wala na goldfishi, yule anachafua maji sana na mimea anaila.

Na aliyeuliza kama magamba ya bichi yanafaa kuwa nyumba za multi, ndiyo, yanafaa kwa maji haya magumu, yana chokaa hata hivyo. Chagua yenye mlango mpana kidogo, chemsha, halafu nusa. Likinuka bado kuna mwenyewe ndani, chemsha tena.