Kumwambia Mshauri Asichokiona: Tiba ya Mazungumzo kwa Njia ya Mtandao

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kufanya kazi na mshauri nasaha kwa njia ya mtandao, hususan katika kipindi ambacho maisha yanabadilika na msongo wa mawazo umemlemea mtu. Nitakalolisisitiza ni hili: kwa kuwa mshauri huyo anakuona kupitia skrini ndogo tu, mafanikio ya tiba yanategemea kwa kiasi kikubwa yale utakayoamua kumwambia, yakiwemo malalamiko yako juu ya tiba yenyewe.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama kulingana na kiasi cha kujirekebisha kinachomlazimu mtu. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kulipewa alama 100, talaka 73, na kufukuzwa kazi 47. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kufunga ndoa kulipewa 50, juu ya kufukuzwa kazi. Maana yake ni kwamba hata jambo la heri hudai nguvu, na anayekosa usingizi baada ya kupandishwa cheo hana sababu ya kujiona mtovu wa shukrani. Hata hivyo orodha hiyo haielezi kwa nini watu wawili waliopatwa na tukio lile lile huenda mmoja akayumba na mwingine akasimama. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984, walilijibu swali hilo kwa kuonyesha kwamba msongo hutokana na jinsi mtu anavyolipima tukio na jinsi anavyouona uwezo wake wa kulikabili. Hapo katikati, baina ya tukio na kipimo chake, ndipo mshauri hufanyia kazi.

Je, kazi hiyo inawezekana mkiwa mbalimbali? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 20 ya kulinganisha tiba ya fikra na tabia (tiba ya kumsaidia mtu kuchunguza na kubadilisha mawazo na mienendo yake) ya mtandaoni na ile ya ana kwa ana, ulikuta matokeo yanakaribiana sana. Lakini tusiutafsiri vibaya: zilizopimwa ni tiba zenye mpangilio, zikiongozwa na wataalamu, na hazithibitishi ubora wa kila programu inayojitangaza kwenye simu yako.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wa kompyuta walilibaini zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum alieleza programu yake iitwayo ELIZA, iliyorudisha tu maneno ya mtumiaji kwa sura ya maswali, naye akastaajabu kuona watu wakiimwagia siri zao. Mbele ya skrini ulimi hulegea, na kwa mtu mwenye aibu hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni lazima uulize maneno yako yanakwenda wapi. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitaka kampuni moja ya tiba ya mtandaoni ilipe dola milioni 7.8 kwa madai ya kuwapa watangazaji wa biashara taarifa za wateja iliowaahidi usiri. Soma masharti, basi, ingawa yameandikwa kana kwamba hayakusudiwi kusomwa, na uhakikishe kwamba mshauri ana leseni inayotambulika mahali unapokaa wewe, maana katika nchi nyingi sheria hutazama mteja alipo.

Katika kikao cha kwanza mshauri makini atakuuliza mambo yanayoweza kukushtua: uko wapi wakati huu, nani apigiwe ikitokea dharura, na mtafanya nini mawasiliano yakikatika. Usiyachukulie kuwa udaku. Mtu aliye mbali hawezi kukuletea msaada asipojua pa kuupeleka. Mkubaliane pia ishara ya kubadilisha mazungumzo endapo mtu ataingia chumbani ghafla, na uvae visikizi ili angalau nusu ya maongezi isisikike nje.

Sasa nirudi kwenye jambo langu kuu. Katika chumba cha ushauri mtaalamu huona mikono inayosokota kitambaa, kucha zilizotafunwa na macho yanayokimbilia mlangoni. Mtandaoni haoni chini ya mabega. Kwa hiyo ni juu yako kusema, “Tangu uliponiuliza habari za mama, mguu wangu hautulii,” au “Nimenyamaza kwa sababu kuna mtu nyuma ya mlango.” Sentensi moja ya namna hiyo huweza kukigeuza kikao kizima. Vilevile, ukijikuta unatazama zaidi picha yako mwenyewe pembeni ya skrini na kurekebisha uso kuliko kusikiliza, ifiche.

Kazi za baina ya vikao ndizo ambazo wengi huziruka, nami naziona kuwa kiini cha tiba hii. Tuseme umeanza kazi mpya, na usiku unapata ujumbe wa mkuu wako: “Naomba tuonane kesho asubuhi.” Tumbo linakaza. Mshauri atakuomba uandike palepale kilichotokea, wazo lililopita kichwani (“wanataka kuniachisha”), ukali wa hofu kwa kipimo cha 0 hadi 100, ushahidi unaounga mkono wazo hilo na ule unaolipinga, kisha uipime hofu upya. Huenda ikashuka kutoka 90 hadi 60 tu. Hiyo 60 mpelekee kama ilivyo. Usiipambe ili umfurahishe.

Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa mteja na mtaalamu husimama juu ya mambo matatu, yaani kukubaliana malengo, kukubaliana kazi za kufanya na kuwepo kwa uhusiano wa kuaminiana. Tiba inapokwama, angalia ni lipi kati ya hayo limelegea, kisha useme. Mshauri anayekasirika akiambiwa “zoezi hili halinisaidii” amekupa sababu nzuri ya kumtafuta mwingine.

Zipo hali ambazo tiba ya mtandaoni haitoshi: mawazo ya kujiua yanayoambatana na mpango, kuona au kusikia visivyokuwepo, au ukatili wa nyumbani pale mtesaji anapoishika simu yako. Hizo zinahitaji huduma ya dharura au ya ana kwa ana, na mshauri mwadilifu atakwambia hivyo hata kama atapoteza mteja.

Kikao kikiisha hakuna safari ya kurudi nyumbani ya kukutuliza. Unafunga kompyuta ukiwa na machozi na papo hapo unaulizwa chakula kiko wapi. Jitengee dakika 15 za kutembea au kuandika kabla ya kuufungua mlango. Na siku wewe na mshauri mtakapoamua kuachana, msiachane kwa kutojibu ujumbe, kama inavyotokea mara nyingi mtandaoni. Omba kikao cha mwisho, mkitumie kuorodhesha dalili za kwanza za msongo wako, iwe ni kukosa usingizi au kuwakwepa marafiki, na mkubaliane ni ipi kati ya hizo itakuwa sababu ya kumpigia tena. Niko tayari kupokea maswali.