Nani Aanze? Upanga wa Ulaya Kati ya Kupiga na Kukinga

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Hii fimbo isiwatishe. Nimeikata iwe na urefu wa karibu sawa na upanga wa mikono miwili wa Kijerumani wa karne ya 15. Upanga wenyewe ulikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kama mlidhani ni kipande cha reli, hizo ni sinema.

Kijana, hebu panda jukwaani. Nipige kichwani, polepole. Mimi nainua fimbo, nakinga. Tak! Nimepona. Lakini tazameni: fimbo yangu iko juu, imelala, haimtishi mtu. Yeye anazungusha upande wa pili, nakinga tena. Anarudi wa kwanza, nakinga. Kila mara yeye ndiye anayechagua pa kupiga, mimi nakimbilia kuziba. Pigo la nne au la tano litanipata.

Hilo waliliona wafuasi wa Johannes Liechtenauer, mwalimu wa upanga wa Kijerumani, ambaye mafundisho yake tunayajua kwa beti fupi zilizofafanuliwa na waliomfuata. Walitenganisha Kabla na Baada: aliye katika Kabla anaamua, aliye katika Baada anafuata. Wakahimiza uwahi pigo la kwanza. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu, wakaenda kurukia watu. Ndivyo wanavyopigwa.

Maana pigo lenyewe lina kinga ndani yake. Chukueni lile waliloliita pigo la hasira. Kijana anashusha fimbo kutoka bega lake la kulia. Nami nashusha yangu vilevile, nikiifuata fimbo yake. Zinakutana hapa katikati, na ncha yangu imeshamtazama usoni. Sikukinga kwanza nikashambulia baadaye. Mkono umefanya yote mara moja. Sasa nasikiliza kwa viganja. Akilegea, nachoma. Akinisukuma pembeni kwa nguvu, sishindani naye: nainua juu, naachana na fimbo yake, nashuka upande wa pili. Kuna neno lao lenye maana ya "papo hapo" kwa hali hii, na kwangu lina uzito kuliko Kabla na Baada.

Sasa twende Uingereza, mwaka 1599. George Silver, Mwingereza mwenye hasira kwelikweli, anawashutumu walimu wa Kiitalia na panga zao ndefu nyembamba za kuchomea. Lalamiko lake: watu wawili wanachomana, wote wanakufa. Ushindi gani huo? Dawa yake ni umbali. Simama mahali ambapo mwenzako hakufikii bila kupiga hatua. Mguu ni mzito kuliko mkono. Akiuleta mguu, wewe umeshapata muda wa kumkata mkono unaotangulia. Na ukienda wewe, mkono utangulie mguu.

Wapo wanaomwita Silver mtu wa kujihami. Sikubaliani nao. Anangoja, ndiyo, lakini anangoja akiwa na pigo tayari. Na mimi, kama ningelazimika kuchagua mwalimu nikiwa na watoto nyumbani, ningemchagua yeye.

Haya kijana, rudi nyuma hatua moja. Moja zaidi. Hapo. Nipige tena kichwani. Safari hii angalia kiwiko chako.