Ukimkataza zimamoto kugoma, umpe nini?

Ndugu viongozi wa vyama vya wafanyakazi, maofisa utumishi, na ninyi wanafunzi wa sheria wa UDOM mliojibana huko nyuma, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie migogoro ya majiji na vyama vya wazimamoto. Nianze kwa kuwavunja moyo: hapa Dodoma mgogoro wa namna hiyo haupo. Zamani zimamoto walikuwa wa halmashauri. Sheria ya 2007 ikaleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nalo liko Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkurugenzi wa Jiji hakai nao kupanga mishahara.

Lakini fungueni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 77. Zimamoto wametajwa kwenye huduma muhimu, na jirani zao ni maji, umeme na afya. Huko mgomo umebanwa. Kwa hiyo fundi wa maji wa hapa na mzimamoto wa Marekani wana swali moja: nikikatazwa kugoma, mwajiri atanisikiliza kwa lipi?

Chicago walilijibu vibaya. Miaka mingi jiji na wazimamoto walielewana kwa kupeana mikono tu. Jane Byrne akigombea umeya mwaka 1979 akawaahidi mkataba wa maandishi. Alipopata kiti, ukachelewa. Februari 1980 wakagoma siku 23, katikati ya baridi kali.

Jimbo la Pennsylvania, hukohuko Marekani, walishapita njia nyingine. Polisi na zimamoto wa huko wamekatazwa kugoma, ila sheria namba 111 ya 1968 inawapa baraza la waamuzi watatu. Jiji linateua mmoja, chama kinateua mmoja, na hao wawili wanamtafuta wa tatu. Wasipoelewana, inaletwa orodha ya majina matatu: mwajiri anafuta moja, chama kinafuta moja, anayebaki ndiye mwenyekiti. Mimi hapo nawavulia kofia. Hakuna wa kulalamika kwamba kaletewa mtu. Na tuzo, yaani uamuzi wa baraza, ikitoka inafunga wote, diwani apende asipende.

Ugumu uko kwenye tuzo yenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake. Jiji likisema nyongeza asilimia 2 na chama asilimia 10, mwamuzi mvivu anakata katikati, anatoa 6. Mwakani chama kitakuja na 14, jiji na sifuri, na majadiliano yamekufa. Kila mtu anamsubiri mwamuzi. (Naona katibu wa chama mmoja anacheka. Anaijua hesabu hii.)

Jimbo la Michigan, kwa marekebisho ya 1972 ya sheria yao ya 1969, wakaja kuziba mwanya huo kwenye masuala ya fedha: kwa kila suala, kila upande unaweka toleo lake la mwisho, na baraza linachagua moja kati ya hayo mawili, hakuna kukata katikati. Anayetaja namba ya ajabu anajua atapoteza yote, kwa hiyo wengi humalizana kabla. Kama tungeandika utaratibu wetu upya kwa watu wa maji na umeme, mimi ningeanzia hapo.

Wapinzani wa mabaraza haya nao wana hoja. Vallejo, mji wa California, ulitangaza kufilisika mwaka 2008, gharama za polisi na zimamoto zikiwa zimemeza sehemu kubwa ya bajeti. Mwaka 2010 wapiga kura wakafuta uamuzi wa lazima, yaani ule wa waamuzi unaofunga pande zote. Wapinzani wanauliza: iweje mtu asiyechaguliwa na yeyote apange matumizi ya kodi yetu? Swali zito. Ila ukimwondoa mwamuzi na mgomo umeukataza, mfanyakazi amebakiwa na barua ya kuomba.

Dawa ninayoiona mimi ni kumlazimisha mwamuzi aangalie uwezo wa mfuko kwanza, na aandike hesabu yake hadharani: mapato haya, nyongeza hii, itatoka kasma hii ya bajeti. Tume yetu ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ina siku 30 za kusuluhisha. Hesabu hizo zidaiwe ndani ya siku hizo, mwajiri aje na vitabu vyake, asije na maneno tu.

Haya, maikrofoni ipelekwe nyuma. Yule dada alinyoosha mkono tangu nilipotaja maji.