Mgeni na daftari lake

DADA: Mugonile nyote mnaotusikiliza. Tuko Mwanjelwa, kwenye kachumba ketu kalekale, Julai hii ya Mbeya ambayo haina huruma. Mimi nina makoti mawili. Anko kavaa mzula mpaka machoni.

ANKO: Ndaga. Ila habari za mzula usizitangaze, hata wakwe wanasikiliza kipindi hiki.

DADA: Wasikie tu. Leo Anko ana kitu cha kukiri. Miaka kumi na sita kwenye mauzo ya pembejeo, halafu msimu uliopita akapitwa na binti aliyekuja juzi.

ANKO: Usiniwekee maneno makali mapema hivyo. Lakini ni kweli. Alitoka Sumbawanga, umri ishirini na nne, tajiri wetu mwenye duka akamwajiri kwa kamisheni tu, bila mshahara. Nikasema moyoni, huyu Desemba hafiki.

DADA: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

ANKO: Mwenyeji aliumwa kwanza! Tulipofunga hesabu ya mbegu za mahindi, kanizidi karibu mara mbili. Mimi ninayejulikana kuanzia Kabwe mpaka Uyole.

DADA: Na ulisemaje?

ANKO: Nilisema ana bahati. Halafu nikasema ni kiherehere. Halafu, nisikufiche, nikasema ni kwa sababu ni msichana na wateja ni wanaume. Hilo la mwisho nilipomwambia mke wangu alinitazama tu, akaendelea kuchambua mboga.

DADA: Mke wako nampenda bure.

ANKO: Sasa sikiliza. Mimi nilivyofundishwa, mbegu inauzwa mvua ikianza kunukia. Oktoba, Novemba. Ndipo unaposhinda dukani, unapiga kelele, unabandika karatasi. Na kila mwaka wimbo ni uleule: mkulima anakuja, anaishika pakiti, anaigeuza, anauliza bei, anasema "narudi". Harudi. Anakwenda kupanda mbegu aliyoitunza darini.

DADA: Kwa sababu Novemba hana hela.

ANKO: Hana! Na mimi nilikuwa nalijua hilo, ndicho kinachoniuma. Mahindi anauza Juni, Julai, Agosti. Hela inaingia, anaezeka bati, anaoza binti, analipa madeni. Ikifika Novemba mfukoni pamebaki sarafu, na mbele yake kuna Krismasi na sare za watoto za Januari. Halafu mimi ndiyo nimesimama mlangoni nasema karibu mteja.

DADA: Yeye akaanza lini?

ANKO: Julai. Baridi kama hii. Tukamcheka, nani anauza mbegu Julai? Akanunua daftari, lile gumu la kurasa mia mbili, akaanza kwenda magulioni. Alipanda mpaka Ilembo huko Umalila, kwa bodaboda. Barabara ile unaijua.

DADA: Naijua, mgongo wangu pia unaijua.

ANKO: Na Umalila alikuwa na sababu ya kuchagua. Kule wana pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Maua yanachumwa, baada ya muda yanachumwa tena, kwa hiyo hela inaingia kidogokidogo kwa miezi. Wana na viazi. Sasa huyu binti hakuwaambia walipe mbegu yote. Aliuza pakiti mojamoja. Ekari moja ya mahindi inakula kama kilo 10, yaani pakiti tano za kilo mbili. Ukiuza maua leo, lipia pakiti moja. Gulio lijalo, ukiweza, nyingine. Anaandika jina lako, kijiji, na kijistari kimoja kwa kila pakiti uliyolipia. Mvua ikikaribia, vistari vyako vitano, unakabidhiwa mzigo wako.

DADA: Subiri. Hapo mimi mkulima naogopa. Mtu simjui, hana duka kijijini, nampa hela Julai ya mbegu ya Novemba? Hiyo ndiyo hadithi ya matapeli wote.

ANKO: Ndiyo maana hela hakuishika. Mkulima analipa kwa simu, kwenye lipa namba ya duka, ujumbe unaingia kwenye simu ya tajiri, na mkulima anapewa risiti yenye muhuri. Asiye na simu anakuja na jirani mwenye simu. Alikuwa anasema, "Mimi hela yenu siitaki, naitaka namba ya simu yenu." Nilidhani ni maneno ya kuuzia. Kumbe kweli, maana baadaye alipiga simu zote zile.

DADA: Kupiga za nini?

ANKO: Kuuliza umepanda lini. Anaandika tarehe. Wiki ya tatu, ya nne, mahindi yakikaribia magotini, anapiga tena: "Baba, ni wakati wa mbolea ya kukuzia." Na mbolea nani anauza?

DADA: Haya basi! Huyo si mgeni, huyo ni bwana shamba mwenye kamisheni.

ANKO: Na kitu kingine. Mimi mteja akiingia nasema, unataka mbegu gani? Yeye anauliza, shamba lako liko wapi? Mtu wa Umalila juu kwenye baridi hawezi kupewa mbegu ya muda mfupi ya mtu wa Usangu, huko chini kwenye joto. Kama shamba liko juu, anamtolea ile mbegu ya UH 6303 ya hapa kwetu Uyole. Mimi, Mungu anisamehe, kuna miaka niliuza iliyokuwa imejaa stoo.

DADA: Hiyo umekiri hewani, Anko.

ANKO: Nimekiri. Lakini lililonimaliza ni lebo. Unajua mbegu feki zilivyowaumiza watu. Pakiti ina ile lebo ya kukwangua ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha mbegu. Siku ya kugawa mzigo nilikuwepo. Mzee mmoja kanyoosha mkono achukue zake aondoke. Binti kamshika kiwiko, "Babu, bado." Kampa sarafu ya shilingi mia, kamwambia akwangue mwenyewe. Mkono wa mzee unatetemeka, vumbi la lebo linadondoka juu ya meza, watu wameinama kama wanaangalia bao. Wakaingiza namba kwenye simu, kimya. Jibu likarudi, mbegu halali. Mzee akacheka meno mawili yote. Akasema, "Nyingine nazo nikwangue mwenyewe." Foleni ilisimama nusu saa. Mimi naona tunapoteza muda, na kumbe watu wote wa foleni ile wanauziwa kwa mara ya pili.

DADA: Sawa, ngoja niwe mbaya kidogo. Ana miaka ishirini na nne, hana mtoto, anaamka saa kumi alfajiri anapanda boda. Mimi nina wawili. Mama anayeuza vitenge hapa soko la Sido atajifunza nini kwa mtu asiye na wa kumpikia?

ANKO: Boda asiige. Hata mimi na goti hili sipandi Ilembo kila wiki. Ila kujua mteja wako ana hela mwezi gani, hilo halihitaji goti. Muuza vitenge anajua wake za wakulima wa mpunga Mbarali wanashika hela lini.

DADA: Anajua, lakini bado anasubiri Desemba. Hapo umenishika. Na hajakosea popote huyo binti? Unamsifia kama marehemu.

ANKO: Kakosea sana. Oktoba alimpa mtu mali kauli, mifuko ya mbolea ya kupandia, kwa sababu jamaa alikuwa mcheshi na ana pikapu. Jamaa akavuka mpaka wa Tunduma na simu ikazima. Tajiri akamkata kamisheni mpaka ikaisha. Alilia nyuma ya stoo, nikamletea chai.

DADA: Ulimfariji au ulifurahi?

ANKO: Vyote viwili. Ile chai niliitia sukari nyingi kwa sababu ya aibu. Ndiyo siku nikamwomba nilione daftari. Akanipa bila kusita. Mimi yangu, wakati nafanya kazi kampuni moja nisiyoitaja, nilikuwa nayafungia kabatini, na wenzangu vilevile. Majina ya wateja tulifichana kama mahari.

DADA: Na sasa ni Julai. Lako liko wapi?

ANKO: Liko hapa, kwenye koti.

DADA: Hebu. Wasikilizaji, naliona, jipya, linanuka gundi. Lina majina... matatu. Anko! La kwanza ni la mama mkwe wako!

ANKO: Ana ekari mbili Rungwe! Na amelipia pakiti nne. Niache, Jumamosi nakwenda gulioni Mbalizi.